Meza, Ua na Jina: Mikutano ya Vyama vya Bustani nchini Uingereza, 1768–1852, kama Chanzo cha Historia

Utangulizi

Makala haya yanajadili mikutano ya vyama vya bustani nchini Uingereza kati ya mwaka 1768 na mwaka 1852. Swali lake si maua gani yalioteshwa wala nani alitwaa zawadi. Maswali hayo yamekwisha kujibiwa na wapenzi wa maua wenyewe, tena kwa kirefu. Swali ni hili: kauli iliyotolewa na mwanachama mbele ya wenzake siku ya mkutano iligeukaje kuwa maarifa ambayo mtu asiyekuwepo angeweza kuyategemea? Mtafiti wa historia wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulijali swali hilo, hata kama maua yenyewe hayamhusu. Nyaraka nyingi tunazozitegemea ni kumbukumbu za vyama, kamati na mabaraza, nasi tumezoea kuzisoma kana kwamba kilichoandikwa ndicho kilichosemwa, na kilichosemwa ndicho kilichojulikana.

Katika kipindi kinachojadiliwa palikuwa na meza mbili. Ya kwanza ilikuwa London: juu yake ilisomwa karatasi, na karatasi hiyo ikapelekwa kwa mpiga chapa. Ya pili ilikuwa katika vilabu vya pombe vya Lancashire na wilaya jirani, ambako juu ya meza liliwekwa ua, jani au tunda, likapita mkononi mwa kila aliyehudhuria. Historia ya bustani imefuata meza ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyoacha karatasi nyingi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba meza ya pili ilikuwa na utaratibu wake kamili wa kuthibitisha maarifa, na kwamba katika baadhi ya mambo utaratibu huo ulikuwa mkali kuliko ule wa London.

Meza ya London

Tarehe 7 Machi 1804 watu saba walikutana katika duka la vitabu la Hatchard, mtaa wa Piccadilly, wakaunda Chama cha Bustani cha London, ambacho mwaka 1861 kilipata jina la Chama cha Kifalme cha Bustani. Wazo lilikuwa la John Wedgwood, mwana wa mfinyanzi mashuhuri Josiah Wedgwood. Tangu mwaka 1801 alikuwa amemwandikia William Forsyth, msimamizi wa bustani za mfalme, akimweleza haja ya chama ambacho wanachama wake wangekutana mara kwa mara, wasomeane makala, wazijadili, kisha wazichapishe. Waliojiunga nao siku ile ni Joseph Banks, William Townsend Aiton wa bustani za Kew, Charles Greville, Richard Anthony Salisbury na James Dickson, muuza mbegu wa Covent Garden. Forsyth na Dickson walikuwa wameanzia chini, katika kazi ya mikono, lakini walifika mezani wakiwa wamekwisha kuiacha. Kibarua hakuwapo.

Mtazamo wa chama unajitokeza wazi katika makala ya utangulizi ya Thomas Andrew Knight, iliyosomwa mwezi Aprili mwaka 1805. Knight, ambaye baadaye alikuwa rais wa chama kuanzia mwaka 1811 hadi alipofariki mwaka 1838, alilalamika kwamba uboreshaji wa mimea ulikuwa umeachiwa mtunza bustani wa kawaida. Kwa maelezo yake, mtu huyo hufuata tu mazoea ya aliyemtangulia, na akithubutu kuyaacha hukosa elimu ya kumfikisha mbali. Lawama hii ndiyo iliyokipa chama sababu ya kuwapo. Kama mtunza bustani hajui ila mazoea, basi maarifa hayana budi kutoka mahali pengine, yaani katika majaribio ya watu wenye nafasi, yakasomwe mkutanoni na kuwekwa kitabuni. Inafaa kuikumbuka lawama hiyo tutakapoingia kilabuni.

Hata hivyo, vitabu vya chama vyenyewe vinampinga rais wao. Anayevifungua anakutana na makala nyingi zilizoandikwa na watunza bustani: namna ya kuotesha nanasi chini ya vioo, namna ya kukinga mipichi isiunguzwe na jalidi, namna ya kuhifadhi zabibu. Mazoea yale yaliyodharauliwa ndiyo yaliyojaza kurasa. Lakini yaliingia kwa mlango maalumu. Chini ya kichwa cha makala huandikwa jina la mtunza bustani, kisha jina la bwana wake, kisha mara nyingi maelezo kwamba makala yaliwasilishwa kwa barua kwa katibu. Maana yake ni kwamba mwandishi anaweza kuwa hakuwamo chumbani. Sauti yake ilisomwa na mtu mwingine mbele ya watu ambao hawakuwa na mmea wa kuushika wala nafasi ya kumuuliza. Walichoweza kukiamini ni daraja la bwana aliyemwajiri, na jina hilo la bwana likawa ndiyo muhuri wa ukweli wa makala.

Kuanzia mwaka 1821 chama kilipanga ardhi ya Duke of Devonshire huko Chiswick, ekari 33, kikaanzisha bustani ya majaribio. Huko kulikuwa na daftari ambalo vijana walioajiriwa walitakiwa kuandika kwa mkono wao wenyewe majina yao, kuzaliwa kwao na kazi walizowahi kufanya. Daftari hilo limehifadhiwa, na kwa mwanahistoria ni johari, kwa kuwa ni mojawapo ya mahali pachache sana ambapo vibarua wa chama wanazungumza bila jina la bwana kutangulia. Lakini johari nayo hukaguliwa. Joseph Paxton, aliyepokelewa mwaka 1823 na ambaye baadaye alisanifu jengo la vioo la Maonyesho Makuu ya mwaka 1851, aliandika kwamba alizaliwa mwaka 1801. Alizaliwa mwaka 1803. Alijiongezea miaka miwili, bila shaka ili aonekane mtu mzima wa kutosha kwa kazi aliyoitaka. Maandishi ya mkono wa mhusika mwenyewe, yaliyoandikwa papo hapo, katika daftari rasmi, yana kosa. Na hakuna utaratibu wowote wa chama uliolikamata.

Safari ya Forbes

Meza ya London ilikuwa na mkono mrefu. Chama kilituma wakusanyaji China, Marekani na Afrika, nao wakatakiwa kurudisha mimea, mbegu na ripoti za kusomwa mikutanoni. Mmoja wao anatugusa moja kwa moja. Mwaka 1822 kijana John Forbes alisafiri na msafara wa Kapteni William Owen uliotumwa kupima pwani ya Afrika Mashariki. Msomaji wa historia ya Mombasa anamfahamu Owen kwa jambo jingine: mwaka 1824 ndiye aliyewakubalia Wamazrui bendera ya Uingereza juu ya ngome yao dhidi ya Seyyid Said. Forbes hakuwa hai kuyaona hayo. Alikuwa amepanda mto Zambezi pamoja na maofisa wawili wa msafara, akafa huko Senna mwezi Agosti mwaka 1823.

Kifo chake kilihesabiwa London kuwa hasara ya sayansi, na ndivyo kilivyokuwa. Hata hivyo, tatizo la ushahidi linabaki. Mkusanyaji anayefika mahali kwa wiki chache hapati mmea unaofaa kwa kutembea tu. Huulizia. Huonyeshwa njia, hutajiwa jina, huambiwa huu huliwa na huu huua. Kila mmea uliotoka Zambezi ulitoka na mazungumzo, na mazungumzo hayo yalikuwa katika lugha za wenyeji na Kireno. Utaratibu wa chama ulikuwa na nafasi ya kuandika jina la Kilatini, mahali na jina la mkusanyaji. Haukuwa na nafasi ya aliyeonyesha. Sisemi kwamba kuna mtu aliyefuta majina hayo kwa makusudi. Ninachosema ni kwamba meza iliyozoea kumsikia mtunza bustani kupitia bwana wake haikuona ajabu kumsikia mwenyeji wa Senna kupitia Forbes. Ni tabia ileile, imevuka bahari.

Meza ya kilabuni

Vyama vya wapenda maua vilikuwepo kabla ya Hatchard. Chama cha York kinajitambulisha kwa mwaka 1768 na kingali hai. Wafumaji wa Paisley, huko Scotland, walisifika tangu mwishoni mwa karne ya 18 kwa ua dogo liitwalo pinki, ambalo walilizalisha hadi petali zake zikawa na ukingo wa rangi kama nakshi za kitambaa. Huko Lancashire ua la fahari lilikuwa orikula. Zawadi mara nyingi ilikuwa birika la shaba, nalo lilitundikwa kilabuni watu walione kabla ya siku ya mashindano. Chama cha tulipu cha Wakefield, kilichoanzishwa mwaka 1836, hadi leo huweka maua ya washindani ndani ya chupa za bia za kahawia, na mila hiyo yatosha kuonyesha chama kilikozaliwa.

Waandishi wa tabaka la kati walipenda kumweleza mfumaji huyu na maua yake kama picha ya maskini aliyeridhika. Picha hiyo inapaswa kupokewa kwa tahadhari. Ni kweli kwamba mfumaji wa mkono alifanya kazi nyumbani, hivyo aliweza kuacha kitambaa akatoka kulifunika ua jua lilipochomoza. Mfanyakazi wa kiwandani hakuweza. Lakini ni wafumaji haohao ambao ujira wao ulikuwa ukiporomoka kadiri mashine zilivyoenea, na ni mkoa huohuo ambao mwezi Agosti mwaka 1819 askari wapanda farasi waliushambulia umma uliokusanyika Peterloo, Manchester. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge lilipitisha sheria za kubana mikutano ya hadhara ya watu zaidi ya 50. Kukutana, katika mazingira hayo, hakukuwa jambo dogo.

Mfano bora zaidi wa utaratibu wa kilabuni unatokana na vyama vya elimu ya mimea, ambavyo wanachama wake wengi walikuwa pia wakuza maua. Anne Secord, katika utafiti wake wa mwaka 1994 kuhusu mafundi wa Lancashire, ameonyesha jinsi vyama hivi vilivyofanya kazi. Wanachama walikutana Jumapili, siku pekee ya mapumziko. Kila mwezi walitoa mchango. Sehemu ilikwenda kwa mwenye kilabu kwa njia ya pombe, kwa kuwa hakutoza kodi ya chumba, na sehemu ikanunua vitabu vya wote. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka upatu, ingawa hapa kilichozunguka kwa zamu kilikuwa kitabu. Wanawake hawakuwemo, kilabu chenyewe kiliwazuia, na hilo ni pengo ambalo uhodari wa wafumaji hauliondoi.

Tunao ushahidi wa mshiriki. John Horsefield, mfumaji wa mkono wa Prestwich karibu na Manchester, aliongoza chama cha huko kuanzia mwaka 1820, na mwaka 1850 aliandika kumbukumbu zake katika gazeti la Manchester Guardian. Ameeleza kwamba alipokuwa akijifunza makundi 24 ya mimea ya Linnaeus aliyaandika kwenye karatasi akaibandika kwenye mti wa mtambo wake wa kufumia, ili mikono ikifuma macho yasome. Aliyepita chuoni utotoni na kuhifadhi sura za Kiarabu kabla ya kujua maana yake hatashangazwa na mfumaji aliyeghani Kilatini.

Katika mkutano, mimea iliyoletwa na wanachama ilirundikwa mezani. Mwenyekiti alichukua mmoja, akampa aliyeketi kushotoni kwake huku akimtajia jina la jenasi na la spishi. Huyo naye akampa wa pili na jina lake, wa pili akampa wa tatu, hadi chumba kizima. Mmea uliofuata nao ukafuata njia hiyo. Ni utaratibu mwepesi kuuelewa, na ni rahisi kuudharau. Mtu anaweza kusema kwamba jina la Kilatini likipita katika vinywa ishirini vya watu wasiosoma Kilatini litafika mwisho likiwa jina jingine. Bila shaka matamshi yaliharibika. Lakini tuutazame kwa jicho la nadharia tuliyoizoea zaidi.

Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu mapokeo simulizi, aliyatazama mapokeo kama mnyororo: shahidi wa kwanza, wapokezi wa kati, msimulizi wa mwisho. Wanahistoria wetu waliitumia njia hiyo kwa manufaa makubwa. Kazi ya Isaria Kimambo juu ya Wapare, iliyochapishwa mwaka 1969, ni mfano unaojulikana. Ugumu wa mnyororo huo ni kwamba kinachosafiri ni maneno peke yake. Tukio lilikwisha kupita, na kila mpokezi hana cha kulinganishia ila masimulizi mengine. Mezani Prestwich palikuwa na tofauti moja kubwa: neno lilisafiri pamoja na kitu chenyewe. Kila aliyepokea jina alipokea pia jani, stameni na petali, na aliweza wakati huohuo kuuliza kama hili ni lile. Kosa la ulimi lilikuwa linawezekana, lakini kosa la kuutaja mmea mmoja kwa jina la mwingine lilipaswa kupita mbele ya macho ya watu wote chumbani, wengi wao wakiwa wameutafuta mmea huo kwa miguu yao. Linganisha na London, ambako barua ilisomwa na mmea haupo.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba meza ya kilabuni nayo imetufikia kwa maandishi, na kwamba bila kalamu ya Horsefield tusingekuwa na la kusema. Ndiyo. Lakini kuna tofauti kati ya maandishi yanayotunza kumbukumbu ya utaratibu na maandishi ambayo yenyewe ndiyo utaratibu. Horsefield aliandika mwaka 1850 juu ya jambo lililofanyika kwa miaka mingi bila kuandikwa na likatenda kazi. Kutokuwepo kwa kumbukumbu za kila mkutano hakuthibitishi kutokuwepo kwa mkutano, wala hakuthibitishi udhaifu wa elimu iliyotolewa humo. Huyuhuyu mfumaji alizalisha ua la narsisi lililoenea katika bustani za Ulaya likiwa na jina lake. Knight alikuwa amesema kwamba mtu wa namna hii akiacha mazoea hupotea njia.

Mizani

Mahali ambapo meza ya kilabuni iliishinda meza ya London bila ubishi ni kwenye mizani, na tunda lililopimwa ni gusberi. Si lile linalouzwa katika masoko yetu likiwa ndani ya ganda jepesi kama karatasi. Hili ni tunda la kichaka chenye miiba, chachu, linalostawi katika baridi. Vyama vya gusberi vilienea Lancashire na Cheshire na wilaya za jirani, na baadhi, kama kile cha Egton Bridge huko Yorkshire kilichoanza mwaka 1800, bado hukutana.

Mkuzaji alikata matawi, akabakiza matunda machache kwenye kichaka kizima, na wengine waliweka kisahani cha maji chini ya tunda ili unyevu ulinyweshe. Siku ya kupima, tunda lilipandishwa kwenye mizani midogo mbele ya wote, likapimwa kwa peniwaiti na greni, vipimo vya masonara. Hapakuwa na nafasi ya maneno mazuri. Cheo hakikuongeza greni hata moja. Matokeo yaliandikwa katika kitabu cha kila mwaka kilichotaja aina ya tunda, uzito wake na jina la mkuzaji.

Matokeo ya upimaji huo yalifika mbali. Charles Darwin, alipoandika kitabu chake cha mwaka 1868 juu ya mabadiliko ya wanyama wafugwao na mimea ipandwayo, alitaka kuonyesha kwamba uteuzi wa binadamu, ukiendelezwa kidogo kidogo, unaweza kukibadilisha kiumbe kwa kiasi kikubwa. Alihitaji mfululizo wa vipimo wa miaka mingi wa kitu kimoja. Aliupata kwa watu wa gusberi. Tunda la mwituni, anaeleza, lina greni kama 120, yaani karibu gramu 8. Kufikia mwaka 1786 yalionyeshwa matunda yenye uzito mara mbili ya huo. Mwaka 1817 uzito ulifika peniwaiti 26 na greni 17, zaidi ya gramu 41. Ukasimama hapo miaka kadhaa, ukapanda tena mwaka 1825 hadi peniwaiti 31 na greni 16. Mwaka 1852, huko Staffordshire, tunda la aina iliyoitwa 'London' lilipima greni 895, kama gramu 58: mara saba hadi nane ya tunda la mwituni.

Hakuna mfululizo kama huo unaoweza kupatikana kwa kuunganisha makala zilizosomwa London katika miaka hiyohiyo, pamoja na hati ya kifalme ya mwaka 1809, ekari zote za Chiswick na wakusanyaji waliozikwa ng'ambo. Makala zile zilieleza mbinu, kila moja kwa lugha yake na kwa hali ya bustani ya bwana wake. Wafumaji na wachimba migodi walikuwa na swali moja, mizani moja na kanuni moja, wakairudia kila mwaka kwa zaidi ya nusu karne.

Katika ukurasa wa Darwin mna jina la tunda, mwaka, uzito na jina la wilaya. Jina la aliyelikuza halimo. Limo katika vitabu vya vyama vya gusberi, vijitabu vidogo vilivyochapwa kwa bei nafuu kwa ajili ya watu waliotaka kuona majina yao, na huko ndiko mtafiti anayetaka kujua nani alijua nini inambidi aanzie.